Siku Mashine Namba Tatu Ilipong'olewa

Kijiwe chetu kiko mkabala na geti la mtambo wa zamani wa umeme: benchi moja refu la mbao, mguu wake mmoja umekalia tofali, na kivuli cha ukuta ambacho asubuhi ni chetu na mchana kinatuhama. Wenye benchi ni wanne. Kuna Soli, fundi viatu, anayebishana huku sindano ikiwa mdomoni. Kuna Nukta, mwalimu mstaafu, ambaye akimaliza hoja husema "nukta" hata kama uongo ndiyo kwanza umeanza kunoga. Mimi wenzangu huniita Katibu, kwa sababu nina taipureta na kazi yangu ni kuwaandikia watu barua zao za shida. Wa nne ni Mzee Zamu, aliyeendesha mashine namba tatu miaka ishirini na sita mpaka mtambo ulipofungwa, na ambaye kwa miaka kumi na moja sasa anaamini kwamba yeye ndiye aliyeuua. Birika, muuza kahawa, hatumhesabu, maana yeye husimama. Asubuhi hiyo umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, na lori lenye winchi lilikuwa limeingia getini kuichukua namba tatu.

Soli: Umeme hakuna, na mashine ndiyo hiyo inabebwa. Jamani, hapa kuna akili kweli?

Nukta: Kwani zamani giza hukulijua wewe?

Soli: Giza la mpango, bwana! Saa nne usiku, kamili. Tena kabla halijaingia, Mzee anakukonyeza kwanza.

Kukonyeza kulikuwa hivi. Dizeli ilikuja kwa mgao, kwa hiyo mtambo ulizimwa saa nne. Ikifika kasorobo, Mzee Zamu alikuwa anashusha umeme kidogo mara tatu, taa za mji mzima zinafifia na kurudi, ili mtu amalize shughuli yake: anayepiga pasi amalizie kola, anayegombana na mkewe atafute suluhu. Hakuna bosi aliyemwagiza. Na ukiwa na dharura, ulimtuma mtu mbio mpaka getini aseme, "Mzee, tushikie." Anakushikia.

Nukta: Mimi harusi yangu alinishikia nusu saa nzima.

Soli: Si nusu saa, ilizidi. Mjomba wako aliinuka kutoa nasaha, akasahau kukaa.

Nukta: Mjomba alikuwa na mengi ya kusema.

Soli: Alirudia yaleyale! Mimi nilishikiwa kwa jambo la maana. Mkunga yuko ndani, mke wangu analia, mimi mwenyewe ndiye niliyekimbia mpaka hapa, miguu peku. Fundi viatu mzima, peku! Mtoto katoka, kalia, ndipo taa ikazima. Mpaka leo yule mtoto haogopi giza.

Mzee Zamu akatabasamu kwenye kikombe chake. Huyu ni mtu wa maneno machache, na akiongea huongea kama anaisikiliza kwanza mashine.

Mzee Zamu: Nilikuwa nawajua nyote kwa mlio wa mashine. Jumapili asubuhi mkiwasha pasi zote pamoja, namba tatu inahema. Nasema, haya, mji unavaa.

Sote tukacheka. Naukumbuka ule mlio. Ulikuwa unaingia kwenye vikombe, kwenye vioo vya madirisha, ukiweka kidole mezani unaupata. Nasema kweli, nimeukosa, na wenzangu pia wameukosa, ingawa kila mmoja anaona haya kulisema.

Soli: Mimi nawaambia kila siku, mtambo huu ulifungwa kwa sababu ya shemeji wa mkubwa mmoja. Shemeji ana duka la jenereta. Sasa atamuuzia nani jenereta kama sisi tuna umeme wetu? Kikulacho ki nguoni mwako, na jenereta iko uani kwako.

Mzee Zamu: Ni mimi. Maji.

Nukta: Shemeji ni mambo madogo. Tazameni jiografia. Umeme wa gridi ya taifa unatoka mbali, unapita miji mikubwa, miji mikubwa inakunywa kwanza. Sisi tulio mwisho wa waya tunapata machicha. Hamjaona taa za siku hizi zina rangi ya chai? Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu, lakini mwisho wa waya hula mbichi. Nukta.

Birika: Mwalimu, waya hauna kosa. Kosa ni la samaki.

Soli: Samaki gani tena?

Birika: Umeme wa gridi si unatoka bwawani? Na bwawani si kuna samaki? Wanazaliana mle ndani, wanakunywa maji yenye umeme kabla haujafika kwenye mitambo. Samaki mmoja anakunywa kidogo tu, lakini wako wangapi? Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Soli: Kweli, bwana! Shemeji yangu alikula samaki wa bwawa lile. Mwezi mzima akiigusa redio inaongea bila betri.

Nukta: Ilikuwa inasema nini?

Soli: Taarifa ya habari.

Nukta: Basi nyote hamjui. Sikilizeni sayansi. Umeme wa dizeli ni umeme wa mafuta, una uzito, ukipanda kwenye waya unakaa. Umeme wa maji ni mwepesi, upepo ukivuma unapeperuka. Na mvua ikinyesha, kwa nini unakatika? Unamfuata mwenzake! Maji yanayafuata maji. Wakubwa waligundua kwamba umeme wetu mzito utaukandamiza ule mwepesi kwenye waya mmoja, wakatufunga sisi. Damu ni nzito kuliko maji, na dizeli ni nzito kuliko vyote. Nukta.

Mzee Zamu: Ni mimi, jamani.

Safari hii aliweka kikombe chini, kwa hiyo hatukuweza kumpita kwa maneno.

Mzee Zamu: Ilikuwa saa tisa mchana. Nikasema nitoke kidogo nije hapa, nipate kikombe kimoja na ninyi. Mnakumbuka? Soli alikuwa anasimulia habari ya mbuzi. Habari ikawa ndefu. Niliporudi, mshale wa joto umelala upande mwekundu, mvuke umejaa chumba, maji ya kupoza yamekwisha. Nikaizima, nikaiacha ipoe, nikajaza, nikaiwasha. Ikaitika. Lakini si ileile. Wiki tatu baadaye ikaja amri ya kufunga. Mtu anaiacha mashine yake kwa sababu ya kahawa! Mji mzima uko gizani leo kwa kikombe kimoja.

Soli: Hapana, Mzee, ni shemeji.

Birika: Samaki, Mzee. Wallahi ni samaki.

Ndivyo tulivyokuwa tukifanya miaka yote. Yeye akisema maji, sisi tunamrundikia mashemeji na samaki mpaka anyamaze, na tulikuwa tunajiambia kwamba tunamfariji. Nilinywa kahawa yangu yote kwa mkupuo mmoja nikaungua ulimi.

Hapo ndipo akatoka getini binti mmoja, kofia ngumu ya njano kichwani, kwapani kabana faili nene na madaftari mawili yenye jalada jeusi. Tulikuwa tumemwona tangu jana akiwaelekeza wale wa winchi. Alikuwa mhandisi.

Mhandisi: Shikamooni, wazee wangu.

Tukaitikia marahaba kwa pamoja. Birika akammiminia kikombe bila kuulizwa.

Mhandisi: Samahani kwa kuwakatiza. Namtafuta mtu aliyeandika madaftari haya ya zamu. Nimeyasoma usiku kucha, nimecheka peke yangu. Sikilizeni: "Kuzima kumechelewa dakika arobaini. Sababu: mtoto anazaliwa."

Soli: Huyo ni wangu! Wangu huyo!

Mhandisi: "Kuzima kumechelewa dakika hamsini na tano. Sababu: mjomba wa bwana harusi bado anazungumza."

Soli alipiga paja lake mpaka sindano ikamtoka mdomoni. Nukta akatazama mbali, upande wa barabara. Mzee Zamu aliinua mkono polepole, kama mwanafunzi.

Mzee Zamu: Ni mwandiko wangu, mwanangu.

Mhandisi: Basi nimebahatika. Namba tatu inakwenda mji ambao gridi haijafika. Kuna hospitali kule inazalisha akina mama kwa tochi. Nataka unieleze tabia zake kabla hatujaifunga kwenye lori, asubuhi inataka nini, inachukia nini.

Mzee Zamu: Mnabeba maiti, mwanangu. Mashine hiyo niliiua mimi.

Mhandisi: Nani kakwambia? Tumeifungua yote. Inataka vipuri viwili tu, na vyote vya mpira.

Mzee Zamu: Niliiacha bila maji.

Mhandisi: Hili la maji? Umeliandika mwenyewe hapa: "Joto limepanda. Kosa ni langu, nilikuwa benchini." Mkaguzi alikuja kesho yake, au sivyo? Ripoti yake ninayo. Anasema mashine ni nzima, na mwendeshaji aliizima kwa wakati.

Mzee Zamu: Hawakuniambia.

Mhandisi: Ripoti ilikwenda makao makuu, ikakaa hukohuko.

Mzee Zamu: Sasa kwa nini walifunga?

Binti akafungua faili. Alikuwa anajibu swali aliloulizwa, hakuwa na ubaya wowote.

Mhandisi: Kuna barua ya wakazi. Wanasema gridi imeshafika, mtambo hauna kazi tena. Kelele zinawanyima usingizi wa mchana, moshi unachafua nguo kwenye kamba. Wanaomba ufungwe haraka. Imepigwa taipu safi kabisa, na chini kuna majina thelathini na saba, kila moja na sahihi yake au dole gumba.

Barua ile niliipiga mimi. Wazo alilileta Soli, moshi ulikuwa unaingia kwenye kibanda chake. Nukta alisahihisha vituo. Birika hakujua kuandika wakati ule, akaweka dole gumba. Gridi ilikuwa na miezi mitatu tu mjini, haikatiki hata dakika, tukajiona watu wa kisasa. Siku Mzee Zamu alipofika hapa mara ya kwanza hana kazi, akakaa, akasema ni yeye, ni maji. Ilikuwa ndiyo siku ya kusema. Tukamwambia pole. Kesho yake ilikuwa ngumu zaidi kusema, na keshokutwa zaidi ya hapo, mpaka ikawa miaka.

Mzee Zamu: Kelele?

Mhandisi: Ndivyo walivyoandika.

Mzee Zamu: Silansa ilikuwa imetoboka. Nilikuwa najua. Wangekuja tu hapa getini wakasema, Mzee, inatusumbua, ningeibadilisha kwa siku moja. Na bomba la moshi ningeligeuza.

Hakuwa na hasira. Bora angekuwa nayo, mtu mwenye hasira unaweza kumjibu. Alivua kofia yake, akajifuta uso nayo, akaivaa tena.

Mzee Zamu: Kwa hiyo si maji.

Mhandisi: Si maji, mzee wangu.

Mzee Zamu: Si maji.

Akalisema mara ya tatu bila sauti, midomo tu. Mabega yake yalishuka. Nilikuwa nimeyazoea yakiwa juu, nikidhani ndivyo alivyoumbwa.

Binti akafunua ukurasa wa pili wa barua.

Mhandisi: Majina yote yapo hapa. Nikusomee?

Soli alikuwa ameshika kiatu cha mtu kwa mikono miwili. Nukta aliinamia kikombe chake. Birika alijifanya anapuliza makaa. Jina la kwanza kwenye orodha ni langu, nililiweka juu kwa sababu ndimi niliyekuwa na karatasi, na nilikuwa na muda wa kutosha kulitaja kwa mdomo wangu kabla halijasomwa. Sikulitaja.

Mzee Zamu alitutazama mmoja mmoja, kutoka mwanzo wa benchi hadi mwisho. Kisha akainuka.

Mzee Zamu: Usisome, mwanangu. Kesho nataka nije nikae hapa.

Wakaingia getini wote wawili, Mzee mbele.