Hatuvuki: Maisha ya Kaka Yetu, Mwongoza Misafara ya Jangwa na Mto

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliofanya kazi na marehemu: kamati ya mazishi imeniomba nisome kwa ufupi, niseme mazuri, na nisigombane na mtu. Mazuri nitayasema, maana yapo tele. Kuhusu kugombana siahidi kitu. Mimi ndiye mdogo wake anayemfuata, fundi cherehani wa kile kibanda cha nyuma ya gereji, na wengi wenu mdomo wangu mnaujua.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961, katika nyumba za wafanyakazi zilizo nyuma ya tangi la maji. Alikuwa mtoto wa pili wa fundi bomba na mama mfua nguo wa hospitali. Mama alitusimulia kwamba siku aliyoanza kutembea alikwenda mpaka kizingitini, akasimama, akachuchumaa, akapapasa sakafu ya upande wa pili kwa kiganja, ndipo akavuka. Shangazi zetu walicheka mpaka wakashika mbavu. Baba hakucheka. Alisema, "Mwacheni. Huyu hatanigharimu bandeji." Na kweli, sisi wengine wote tulivunjika hapa na pale, yeye akazeeka na mifupa yake yote.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1969 katika shule ya msingi ya mtaani kwetu, akamaliza kidato cha nne mwaka 1979. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Aliwahi kutolewa nje kipindi cha jiografia kwa kukataa kupaka mto rangi ya samawati. "Mwalimu, mimi nimeuona mto. Ni wa rangi ya udongo." Mwalimu alisema ni utovu wa adabu. Ningekuwa mimi ningeupaka hata waridi niende zangu nyumbani, lakini kaka yetu alikuwa na tabia hiyo moja tangu utotoni: hakusema asichokiona ili kumfurahisha mtu. Tabia hiyo ndiyo iliyomlisha, na ndiyo iliyokuja kumponza.

Januari 1980 aliajiriwa kama saidia fundi katika gereji ya kampuni ya misafara. Alianza kwa kuosha vichujio na kuziba pancha, akawa dereva wa gari la mizigo, na mwaka 1989 akakabidhiwa wageni awaongoze mwenyewe. Safari yake ilijulikana. Waliondoka getini alfajiri, wakapita nyika ya changarawe ambako hata mbuzi hakai. Baada yake yalikuja matuta ya mchanga, mekundu asubuhi na meupe mchana. Kisha uwanda wa chumvi, unaong'aa mpaka mtu anafumba macho na bado anauona. Baada ya hapo walishuka korongoni na kufuata mto mkavu, ule ambao maji yake yako chini ya mchanga na migunga peke yake ndiyo inayojua. Mwisho kabisa ulikuja mto mkubwa wenyewe, na matete yake, na viboko wake wanaokoroma kama wazee baada ya chakula.

Kabla ya kuufikia mto huo, alikuwa na desturi. Alisimamisha gari nyuma ya kilima cha mwisho, akazima injini, akawaambia wageni, "Fungeni midomo, fungueni pua." Baada ya siku zote zile za vumbi, watu waliunusa mto kabla ya kuuona. Wengine walilia. Mama mmoja mzee alimshika mkono na kumwambia kwamba tangu afiwe na mumewe hakuwa amesikia harufu ya kitu chochote. Kaka yetu alinisimulia habari hiyo akiwa amekaa kwenye kibanda changu nikimshonea turubai, na macho yake yalikuwa yamelowa. Jangwani aliwanywesha wageni kwanza, akafuata mpishi, yeye akanywa mwisho.

Tarehe 6 Aprili 1991 alifunga ndoa na binti mwoka mikate aliyekuwa akileta mikate ya safari pale gerejini. Wifi yangu ananiruhusu kusema kwamba alileta mikate hiyo miaka mitatu kabla kijana hajafungua kinywa. "Huyu hata mimi alinipima kina," anasema mpaka leo. Walijaliwa watoto watatu. Nyumba yao, vyumba viwili na kibaraza cha saruji, haikuwahi kusikia sauti ya kiume ikipanda. Sauti iliyopanda mle ndani ilikuwa yangu, nilipokwenda kuwatembelea.

Sasa nifike mtoni, maana najua ndiko masikio yenu yalikotangulia.

Machi 2008 alikuwa na wageni sita, siku ya mwisho ya safari. Ndege yao ilikuwa inawasubiri ng'ambo, iondoke kesho yake asubuhi. Walifika kivukoni alasiri, pale magari yanapopita juu ya mawe; daraja la leo lilikuwa bado halijajengwa. Anga lilikuwa jeupe, hakuna wingu. Lakini maji yalikuwa yamebadilika rangi na yalikuwa yanabeba matawi mabichi. Kaka yetu alishuka, akachukua fimbo, akaingia mpaka mapajani, akarudi. Akasema neno moja tu: "Hatuvuki."

Mgeni mmoja, mtu wa haraka, akamwuliza kama ana uhakika kwamba ni hatari. Akajibu, "Sina uhakika, bwana. Ndiyo maana hatuvuki."

Wakiwa bado wanabishana, likaja gari la kampuni nyingine. Halikusimama hata kuuliza. Likaingia majini, likayumba, likazama mpaka taa, likatokea ng'ambo. Dereva akapiga honi. Abiria wakapunga mikono.

Wageni wa kaka yetu walilala pale ukingoni siku mbili, wakala maharage, wakaikosa ndege, wakarudi wakilalamika. Hakuna aliyekufa. Hakuna aliyechubuka hata kidole. Na hilo ndilo lililomwangusha kaka yangu. Lile gari lingepinduka, angepewa cheti na picha yake ingetundikwa ofisini. Kwa kuwa wale walivuka salama, yeye akawa mwoga. Msimamizi wa misafara wa wakati ule, ambaye leo ndiye Meneja na amekaa hapa mstari wa mbele, alimwita ofisini chini ya ile ramani kubwa ya ukutani, akamwambia mbele ya makarani, "Kampuni inauza safari. Haiuzi kusubiri." Kesho yake alikabidhiwa geti.

Nauliza, na ninauliza mbele ya jeneza hili: mlitaka wafe wangapi ndipo mseme ana akili? Watoto wetu tunawafundisha kwamba haraka haraka haina baraka. Tunawaandikisha kwenye madaftari, tunawachapa wakisahau. Mtu mzima akilifuata neno hilo mchana kweupe, tunamnyang'anya gari. Inaniuma. Iliniuma nikiwa kwenye cherehani, imeniuma miaka yote hii, na leo sitajifanya imepoa.

Alifungua na kufunga geti lile miaka kumi na moja, mpaka alipostaafu mwaka 2019. Hakuomba kurudishwa, wala hakumsema mtu. Kila gari lililotoka aliliuliza, "Maji mmebeba?" Vijana walichungulia dirishani na kumjibu kwa kicheko, "Hatuvuki!" Hilo likawa jina lake mtaani: Bwana Hatuvuki. Hata muuza vocha alimwita hivyo.

Jana asubuhi, siku ya pili ya msiba, mmoja wa vijana hao, sasa mwenyewe ana mvi na ndiye kiongozi mkuu wa misafara, alikuja jikoni nilikokuwa naosha vikombe. Akasimama mlangoni kama mtoto aliyevunja sahani.

"Dada, nina neno."

"Sema, mikono ndiyo yenye kazi. Masikio yako wazi."

"Mimi nimegeuza pale kivukoni mara nyingi. Nikiona yale maji nasikia sauti ya mzee. Ila ofisini sikuwahi kusema nimekataa kuvuka. Nilikuwa nasema injini imekufa."

"Wewe peke yako?"

"Sote, dada. Sote tunasema injini."

Nilikaa chini kwenye ndoo. Kumbe injini zote zile zilikufa ili neno la kaka yangu lisitajwe! Akili yake mmeitumia, watu wenu mmewarudisha kwa wake zao, kisha mkipita getini mnamcheka. Kijana huyo alilia, nami nikampa kitambaa cha vyombo ajifute, lakini nilimwambia, na leo narudia: ungemwambia mwenyewe, akiwa hai. Ingekugharimu nini?

Marehemu alianza kukohoa mwishoni mwa mwaka 2021. Madaktari walisema mapafu yamejaa vumbi la miaka mingi. Kuna mtu wa ofisini aliyeuliza kama hakuwa mvutaji. Kaka yetu hakuwahi kutia sigara mdomoni, ila aliendesha gari la wazi jangwani miaka ishirini. Februari mwaka huu alilazwa hospitali kubwa, wodi ya ghorofa ya pili, kitanda cha dirishani. Siku moja muuguzi alikuwa akimsukuma kwenye kiti cha magurudumu kwenda kupigwa picha, wakakuta korido imetoka kupigwa deki. Kaka yetu akainua mkono. "Binti yangu, tuzunguke." Muuguzi alicheka, lakini alizunguka. Alifariki dunia tarehe 2 Mei 2024, asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Nina mambo mawili ya kumalizia, kamati inivumilie.

La kwanza ni lile shada kubwa la maua pale mbele, lenye nembo ya kampuni na utepe ulioandikwa "Shujaa Wetu". Miaka kumi na sita mlimwita mwoga. Amekufa Alhamisi, Jumamosi amekuwa shujaa. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kaka yetu aliwarudisha watu kwenye kicheko maisha yake yote. Kama ni kuandika, andikeni Mwoga, kwa herufi kubwa, na msimame nalo.

La pili ni la njia. Jana jioni Meneja alifika nyumbani, akatuambia gari la kampuni limeoshwa na ndilo litakalobeba jeneza.

"Tutapita kivukoni, mama. Tukizunguka darajani tutachukua saa nzima, na mchana nina wageni wanafika."

Nikamwambia mvua imenyesha juu milimani.

"Maji ni ya magotini tu."

Wifi yangu alikuwa amelala kwenye godoro na kanga usoni. Tangu Alhamisi hakuwa ametoa neno kwa mtu yeyote. Akaifunua ile kanga.

"Una uhakika, baba?"

Meneja akakuna shingo. "Tuseme karibu nina uhakika, mama."

Wifi yangu akasema, "Basi hatuvuki," akajifunika tena.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili na mtoto wa kiume, wajukuu wanne, dada yake mkubwa, mimi mdogo wake, na watu ambao idadi yao hatutaijua, walio makwao wakati huu wakinywa chai na kugombana na watoto wao, kwa sababu siku moja mtu mwenye fimbo alikataa kuwavusha.

Msafara wa kwenda makaburini utazunguka kwa njia ya darajani, mwendo wa polepole, jeneza likitangulia. Mwenye haraka, kivuko kipo na hakuna aliyemzuia. Sisi tutamngojea ng'ambo, na tunamwombea afike.

Kaka, geti liko wazi, na maji tumebeba. Pumzika kwa amani, mahali ambapo hakuna atakayekuharakisha.