Krismasi Niliyotaka Kusilimu

Amani kwenu, ndugu. Walio nyuma wasogee, sauti yangu ndogo na nafasi tele; sisi Wakristo wa Chake Chake tungepanda gari moja na viti vikabaki.

Mwanijua, mimi mtu wa bara. Mume wangu alipata kazi ya kupakia karafuu bandarini Wesha, nami nikamfuata, tukakaa huko huko Wesha. Homa ikamchukua kabla hatujapazoea. Majirani walichimba kaburi, wakakaa matanga nami, lakini sala ya kumzika niliisema peke yangu, maana padri alikuwa Unguja.

Ndugu zangu, nawaambia kweli, baada ya pale nilizimika. Jioni nilipiga magoti, nikasema Baba Yetu mpaka mwisho, ikawa kama nasemesha ukuta. Sikumkasirikia Mungu. Afadhali ningekasirika! Jumapili, maana sikujua bado kama huku mjini kuna kanisa, nilivaa kanga safi, nikaimba ubeti mmoja peke yangu chumbani, nikaona haya, nikanyamaza. Nje watu walirudi msikitini kwa makundi, wakicheka. Nilikuwa mpweke hata nikawaonea wivu.

Krismasi ikaja. Nikapika wali wa nazi na samaki, nikapakua sahani mbili kwa mazoea. Nililia mpaka chakula kikapoa. Ndipo nikasema, basi, nasilimu niwe na wenzangu. Nikaenda kwa jirani yangu, bibi mtu mzima, nikamkuta kakalia mbuzi anakuna nazi.

"Bibi, nataka kusilimu."

Nilidhani atapiga vigelegele. Akaacha kukuna, akanitazama.

"Mwanangu, wataka dini au wataka watu?"

Nikaketi kizingitini.

"Kama wataka dini, miye mwenyewe n'takupeleka kwa shehe, tena kwa furaha. Kama wataka watu, kwani sisi nini? Hebu kalete huo wali wako tule."

Tukala. Akaniuliza kama nimeshasali siku yangu kuu. Nikamwambia sisali tena, Mungu hanijibu.

Akashangaa. "Kwani mkubwa asipoitikia, ndiyo humwamkii tena?"

Giza halikuondoka siku ile, nisiwadanganye. Lilikaa sana, na mpaka leo hunirudia. Lakini kila asubuhi nilimwamkia Mungu, aitikie asiitikie. Mara nyingi sikusikia kitu, nikaenda zangu kisimani. Halafu siku moja nafua, nikajikuta naimba, wala sijui nilianza lini.

Namshukuru bibi yule. Humu hayumo, yuko kwenye dini yake, na mimi nimebaki kwenye yangu kwa sababu yake. Nanyi mlionikaribisha nilipoanza kuja huku mjini, Mungu awalipe.

Neno langu ni hili tu. Mkimwona mwenzenu kanisani kanyamaza, haimbi, msianze kumpima imani. Mwulizeni kwanza jana alikula na nani.