Hatua Ishirini Nyuma ya Mkamwana

Benchi letu liko Ipyana, upenuni mwa mashine ya kukoboa mpunga, na linatazama majaruba ambayo mwezi wa Juni huwa yamevunwa na kubaki mabua. Linachukua watu watano wakibanana. Tuntufye huleta birika la kahawa kwa baiskeli saa kumi jioni na huondoka likiisha. Alhamisi hiyo alikuwepo Samsoni, anayevusha bidhaa mpakani Kasumulu na kwa hiyo anaitwa Kontena. Alikuwepo Eliud, muuza dawa za mifugo, anayeitwa Dokta na hajawahi kukanusha. Alikuwepo Mzee Asheri, ambaye hana jina la utani kwa sababu hakuna aliyethubutu kumpa. Mimi nilikaa mwisho wa benchi. Nelson, mwendesha mashine, alitoka ndani amejipangusa pumba, mikononi ana lenzi mbili za kamera. Nelson hupiga picha za ndege kila Jumapili baada ya ibada, kwa kupenda tu. Lenzi hizo alizipata kwa rafiki yake wa Mbeya ili azijaribu: anunue moja, nyingine airudishe Jumamosi.

Kontena: Hiyo kubwa ni lenzi au bomba la kumwagilia?

Nelson: Hiyo inafika milimita mia sita. Hii ndogo, mia mbili na hamsini.

Kontena: Sasa hapo unauliza nini? Chukua kubwa. Mkubwa ni jalala.

Nelson: Kubwa ina kilo mbili. Nikienda nayo Bujonde kwa pikipiki, nafika mkono unatetemeka. Mkono ukitetemeka, picha inatoka uji. Ndogo naivaa shingoni kutwa nzima.

Dokta: Kitaalamu, lenzi ndefu inavuta. Ukimpiga mtu na hiyo kila siku, damu inahamia upande wa kamera. Niliona kwa ng'ombe mmoja kule Ngana.

Kontena: Ng'ombe alipigwa picha?

Dokta: Na mtalii. Wiki ya pili akapunguza maziwa.

Nelson: Acha kamba, Dokta.

Kontena: Mimi pale mpakani nimesikia hivi. Ukiwa na hiyo, unasimama ufukweni Matema unamwona mtu wa Malawi ananyoa ndevu. Unaona na povu.

Dokta: Ukikaza kidogo unaona na anachowaza.

Kontena: Ndiyo maana wakasema macho hayana pazia.

Tuntufye: Haya yana kifuniko. Nelson, kifuniko chako kimeangukia kwenye kashata zangu.

Nelson aliifunga lenzi kubwa kwenye kamera. Hana stendi ya miguu mitatu. Ana mfuko alioujaza pumba za mpunga, anauweka mezani, anaubonyeza katikati mpaka lenzi ikae kama kuku kwenye kiota. Alielekeza ng'ambo ya majaruba, kwenye kanisa, akamwita Kontena achungulie. Kontena alichungulia, akainua kichwa akatazama kwa macho yake, akachungulia tena. Ndani ya kamera Milima ya Livingstone ilikuwa imekaa juu ya paa la kanisa.

Kontena: Umeileta milima.

Nelson: Sijaileta. Kanisa liko mbali nasi, milima iko mbali zaidi. Ukivitazama vitu viwili kutoka mbali sana, nafasi iliyo kati yavyo haina ukubwa tena. Lenzi inavikuza vyote viwili, na ile nafasi inabaki imebanwa.

Dokta: Nilitaka kusema hivyo hivyo.

Mzee Asheri aliweka kikombe chini.

Mzee Asheri: Na watu je?

Nelson: Watu vipi, mzee?

Mzee Asheri: Mmoja asimame mbele. Mwingine asimame nyuma yake, hatua ishirini. Kwenye picha wanakuwaje?

Nelson: Nikiwapiga kutoka mita mia mbili hivi, wanakuwa bega kwa bega.

Mzee Asheri: Na shambani bado wako mbali.

Nelson: Bado wako mbali.

Benchi zima lilijua anamzungumzia nani. Mkamwana wake, Asifiwe, alikuwa anaondoka kesho yake kumfuata mumewe, Lameck, aliyefungua duka Mzuzu, Malawi. Kwa Wanyakyusa wa zamani, baba mkwe na mke wa mwanawe huepukana: hawakai pamoja, hawatazamani, hawapiti njia moja. Vijana wengi wameacha. Mzee Asheri hakuacha, na Asifiwe alipoolewa alikuta hivyo akafuata. Kwa miaka kumi na moja alimpikia, na chakula kilipelekwa na Rut, binti wa mzee.

Kontena: Mzee wangu, si mchungaji alishasema mambo hayo hayana lazima?

Mzee Asheri: Alisema kuacha si dhambi. Hakusema kushika ni dhambi. Kwangu mimi ni adabu.

Kontena: Sawa, mzee.

Mzee Asheri: Mwaka juzi nilipougua, alikuwa anakaa nyuma ya ukuta wa mianzi, anauliza kwa sauti: Rut, baba amemeza dawa? Na mimi najibu kwa sauti: Rut, mwambie nimemeza. Mara nyingine Rut mwenyewe hakuwepo.

Tuntufye alimwongezea kahawa bila kuulizwa.

Mzee Asheri: Anakwenda, na mimi umri huu sitafika Mzuzu. Nataka picha moja tulimo sote wawili.

Dokta: Kitaalamu kuna hatari. Picha ikiwaweka bega kwa bega, mwiko umevunjika. Aliyevunja ni nani?

Kontena: Lenzi.

Dokta: Basi lenzi itozwe jogoo.

Kontena: Lenzi imetoka Japani, jogoo itampata wapi? Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Atatoa mwenye lenzi.

Nelson: Mwenye lenzi yuko Mbeya.

Dokta: Afadhali. Kesi ikipanda Mbeya haishuki.

Mzee Asheri: Picha nitaitazama akishavuka mto wa mpakani. Akiwa ng'ambo, hapo siyo kumtazama yeye.

Dokta alifikiri, akasema hilo halina pingamizi.

Nelson: Basi kesho saa moja asubuhi. Jua likipanda ardhi inatoa joto, hewa inacheza, na kwa umbali huo sura zinayumba kama ziko ndani ya maji. Na itabidi hii kubwa. Ndogo haifiki.

Mzee Asheri: Gari linampitia saa tatu.

Kontena: Hatua ishirini zinatosha, mzee? Nauliza tu.

Mzee Asheri: Baba yangu aliacha thelathini. Lakini baba alikuwa na sauti kubwa.

Ijumaa Tuntufye alileta birika asubuhi, jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Nelson alilala kifudifudi mbele ya benchi, lenzi juu ya mfuko wa pumba, simu sikioni. Ng'ambo ya majaruba Asifiwe alisimama kwenye tuta akitutazama, amevaa kitenge cha njano. Rut alikuwa pembeni yake na simu, akimpokelea maelekezo. Mzee Asheri alikuja kwa njia ya nyuma, ya migombani, akasimama hatua ishirini nyuma ya mkamwana wake. Rut akajitenga. Nelson alipiga picha arobaini.

Mzee alirudi kwetu kwa njia ile ile ya migombani. Alikaa, akaupa mgongo ule mkono wa Nelson ulioshika kamera. Sisi wengine tulijikusanya kwenye kioo.

Uso wa Asifiwe ulitoka wote, hata hereni. Begani kwake palikuwa na kofia ya mzee na sikio. Nelson alisogeza picha ya pili. Sikio. Alisogeza mpaka ya arobaini.

Kontena: Mzee, ulikuwa unatazama wapi?

Mzee Asheri: Pembeni.

Kontena: Kwa nini?

Mzee Asheri: Alikuwa mbele yangu.

Nelson alikuwa amemwambia kila kitu: shati gani, asimame wapi, kofia iinuliwe kidogo. Hakumwambia atazame wapi. Hakuna aliyefikiri kwamba hilo ni la kuambiwa. Mzee alisimama kama alivyofundishwa na baba yake.

Rut alifika anahema, viatu mkononi.

Rut: Mugonile.

Tulimwitikia salamu kwa sauti ya chini.

Rut: Tata, Asifiwe anauliza. Umetoka vizuri?

Kontena alitazama ndani ya kikombe. Nelson aliifuta lenzi ambayo haikuwa na vumbi. Rut alitutazama mmoja mmoja, akasubiri.

Mzee Asheri: Mwambie arudi pale pale. Mwambie kosa ni langu.

Nelson: Mzee, jua limepanda. Hewa imeanza kucheza. Nina dakika kumi, si zaidi.

Mzee Asheri: Nitazame wapi?

Nelson: Unitazame mimi. Juu ya bega lake.

Mzee Asheri: Siwezi kukutazama wewe nisimwone yeye.

Nelson: Ndiyo, mzee. Huwezi.

Mzee Asheri alivua kofia, akaitazama, akaivaa tena.

Mzee Asheri: Njia ya migombani ni ndefu.

Tuntufye: Panda baiskeli.

Alimpakia nyuma, pale linapokaa birika, na birika likabaki kwetu. Waliingia migombani. Rut alikatisha majaruba mbio. Kontena alivua koti, akasimama upande wa jua akilishika mbele kama turubai ili kivuli kiiangukie lenzi. Hakuna aliyemtuma.

Dokta: Atamtazama?

Kontena: Nyamaza, Dokta.

Asifiwe alikuwa tayari kwenye tuta. Kwa macho yetu alikuwa kipande cha njano tu. Baiskeli ilitokeza nyuma yake, mbali, ikamshusha mtu, ikarudi migombani. Yule mtu alihesabu hatua. Alisimama.

Nelson: Ameinama.

Tulisubiri.

Nelson: Bado.

Kontena alilisogeza koti kulifuata jua.

Nelson: Ameinua uso.

Alibonyeza mara tatu, akaacha.

Kontena: Piga nyingine.

Nelson: Zinatosha.

Ya kwanza ilikuwa imeyumba kwa joto. Ya pili vilevile. Ya tatu ilitulia. Bega la Mzee Asheri limegusana na bega la Asifiwe, na kati yao hapaonekani nafasi hata ya hatua moja. Asifiwe anatutazama sisi. Mzee hatutazami. Macho yake yako chini kidogo, kwenye kilemba cha mkamwana wake. Dokta aliomba aione tena, akaonyeshwa, akasema hajambo, ni vumbi tu limemwingia machoni.

Gari lilipita saa tatu na robo. Tulisimama wote barabarani isipokuwa Mzee Asheri, aliyekaa ndani ya nyumba ya mashine mpaka lilipokata kona ya kuelekea Kasumulu. Kisha akatoka, akakaa mahali pake. Nelson alikuwa anaifungia lenzi kubwa kwenye boksi la kurudi Mbeya.

Kontena: Huichukui? Baada ya yote haya?

Nelson: Nachukua ndogo. Ndege wangu wananiruhusu nisogee.

Mzee Asheri: Ndaga, Nelson. Ndaga fijo.

Nelson: Asante ya nini, mzee. Nitakuletea picha Jumatatu. Kubwa, ya ukutani.

Mzee Asheri: Jumatatu sawa. Atakuwa ameshavuka.

Tuntufye aliinamisha birika. Kilitoka nusu kikombe, akampa mzee. Rut alirudi kutoka barabarani, macho mekundu, akasimama mbele ya baba yake.

Rut: Tata, umemwonaje?

Mzee Asheri alikunywa kwanza.

Mzee Asheri: Ni mrefu.

Rut: Asifiwe?

Mzee Asheri: Akinisikia napita alikuwa anachuchumaa. Siku zote. Nilikuwa naona mgongo tu kwenye majani, nikadhani nimelishwa na mtu mfupi.