Mama Hakikisha na Kikaratasi cha Ndani ya Boksi

Ndugu waombolezaji, dada yetu, ambaye wengi mlimzoea kwa jina la Mama Hakikisha, alizaliwa tarehe 14 Machi 1974, mtoto wa kwanza wa fundi saa, akaanza shule ya msingi mwaka 1981, akaendelea na sekondari ya bweni, na mwaka 1996 akahitimu fani ya kompyuta chuo cha ufundi, wakati wengi wetu hata kuiwasha tulikuwa hatujui.

Tarehe 7 Julai 2001 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi umeme, anayekiri kwamba kabla ya kukubaliwa alihojiwa kuliko mwombaji wa pasi ya kusafiria, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2009 aliajiriwa na duka linalouza viatu kwa mtandao, akapewa meza iliyobanwa kati ya printa na dirisha lisilofunguka, kazi yake kulinda nywila na kadi za wateja, na ni yeye aliyeagiza kila boksi litiwe kikaratasi chenye onyo kwamba mtu akikupigia simu kwa jina la duka, usimwamini, kata.

Tarehe 9 Oktoba 2015 aligundua wezi wakijaribu nywila za wateja, akalifunga duka siku ya mauzo makubwa huku meneja akimsihi, akashika simu kuwaomba wateja wabadilishe nywila, nao, kwa kutii kikaratasi chake mwenyewe, wakamkatia mmoja baada ya mwingine. Meneja alishika kichwa, akaona duka limekwisha, lakini marehemu alicheka mpaka machozi, kisha akawa anawaambia wateja wakate, watafute kile kikaratasi, wapige namba ya duka iliyochapwa nyuma yake. Mama mmoja mshonaji alimkatia mara tatu, halafu akapiga mwenyewe, na wiki ileile akaagiza viatu vya watoto wake wote. Mpaka leo tunastaajabu, kwani duka lilikiri hadharani kwamba limevamiwa, na wateja wakazidi kuliamini.

Aliugua saratani ya kongosho kuanzia Februari 2023, na hata wodini hakukubali sindano kabla muuguzi hajamsomea jina na tarehe ya kuzaliwa, akafariki Jumatatu, tarehe 6 Mei 2024, saa tatu asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi kwa uvumilivu wao, majirani waliotuletea viti na maturubai, na wafanyakazi wenzake, ambao juzi waliwapigia wateja wake wa zamani kuwaarifu msiba huu, wakakatiwa simu. Kisha namba ya kwenye kikaratasi ikaanza kuita, ikaita mchana kutwa, wa kwanza akiwa yule mama mshonaji, ambaye ameketi hapa mbele yetu, akitaka kuhakikisha kama habari hizi ni za kweli.

Ni za kweli, mama.

Dada yetu, pumzika kwa amani.