Febronia Ndayisenga, Mpima Mvua wa Kirushya

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Ngara, mlioko Biharamulo, hata nyinyi madereva mliosimama Lusahunga kunywa chai, leo tulieni nami kidogo. Tunamkumbuka Febronia Ndayisenga, mpima mvua wa Kirushya. Amefariki Alhamisi iliyopita, akiwa na miaka hamsini na minne. Ameuawa na dhoruba, na ameacha watu kumi na mmoja wakiwa hai.

Febronia alikuwa mkulima wa migomba na maharage. Mjane, mama wa binti mmoja, Jovitha. Kwa miaka tisa, kila siku saa tatu asubuhi, alisoma kipima mvua kilichosimikwa nyuma ya nyumba yake, akatuma vipimo kwa simu kwa watu wa hali ya hewa. Nao wakimtumia tahadhari, yeye alizitangaza kijijini kwa kipaza sauti cha mkononi. Alijitolea tu.

Kazi hiyo nusura imuue mapema. Mwaka ule wa ukame, maharage yakiwa yamekaukia shambani, wanaume sita walivunja mlango wake mchana kweupe. Aliyetangulia ni jirani yake, Fideli, panga mkononi.

"Mvua yetu umeifungia kwenye hicho kikopo chako!"

Wakakiangusha kipima mvua, wakakikanyagakanyaga. Kisha wakamgeukia yeye. Febronia akainua mkono kujikinga. Panga likashuka. Vidole viwili vya mkono wa kulia vikaanguka vumbini, Jovitha akiona.

Fideli alifungwa miaka miwili. Febronia alitoka hospitali, akaomba kipima mvua kingine, akajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto.

Jovitha anasema: "Nilimlilia, mama, achana nacho. Akanijibu, hata hao waliokuja na mapanga wana watoto."

Sasa tuje Alhamisi, wasikilizaji wapendwa. Saa saba mchana simu ikaleta tahadhari: upepo mkali na mvua ya mawe. Upande wa Mabawe mawingu yalikuwa meusi tii. Febronia akabeba kipaza sauti, akapita nyumba kwa nyumba akipaza sauti kwa Kihangaza na Kiswahili. Kwenye ghala kuukuu la kahawa akakuta watu kumi na mmoja waliokimbilia humo kutoka mashambani na majumbani. Mabati yalishaanza kucheza kwenye misumari. Kati yao walikuwamo Fideli, mkewe Priscila, watoto wao, na mama yake Fideli, kikongwe asiyeweza kutembea.

"Tokeni! Kimbilieni kanisani, kule kuta ni imara!"

Fideli akaziba mlango. "Mama Jovitha, usituletee mambo yako hapa."

"Fideli, utanitukana tukishafika kanisani. Sasa mbebe mama yako."

Wakatoka. Mawe ya barafu yakawashukia, makubwa kama mayai, yakiwapasua vichwa. Mtoto mmoja akaanguka, Priscila akamburuta kwa mkono. Migomba ikavunjika shamba zima. Wa mwisho walikuwa Fideli na Febronia, kikongwe katikati yao. Nyuma yao paa la ghala likang'oka, kuta zikaporomoka. Bati moja likaruka, likamkata Febronia shingoni.

Fideli anasimulia: "Niliona damu nikadhani ni ya mama. Kumbe ni yake. Nikaziba kwa shati, nikaziba kwa viganja. Ikawa inatoka tu. Akaniuliza, wote wamefika? Nikasema wote. Hakusema tena."

Jumamosi Fideli alifika msibani, akaomba kubeba jeneza. Ndugu wa marehemu wakamvamia kwa fimbo, wakampasua mdomo. Hakurudisha mkono. Jovitha ndiye aliyewazuia.

"Sijamsamehe," Jovitha ametuambia. "Nikifumba macho naviona vile vidole. Lakini nilimwambia, mama amekufa akimbeba mama yako. Shika huku mbele."

Fideli akashika, damu ikimtoka mdomoni, mpaka makaburini.

Jovitha, pole sana. Poleni ukoo mzima, poleni Kirushya. Mungu ampumzishe Febronia kwa amani.

Na wewe unayenisikiliza, jiulize hili. Siku mtu unayemchukia atakaposimama mlangoni kwako akakuambia toka, hatari inakuja, utatoka? Jibu litafute leo, kukiwa bado shwari.