Mundhir Yaqub Shamas, Aliyeandika Kosa Lake Mwenyewe

Ndugu, jamaa na majirani mliofika, mimi ni Ibtisam, dada mkubwa wa marehemu. Padri ameniomba nisome taratibu na nisigombane na mtu. Nitajitahidi.

Marehemu Mundhir Yaqub Shamas alizaliwa Jumamosi, tarehe 9 Machi 1968, hapa hapa Madaba. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu baba yetu, Yaqub, mwoka mikate, na marehemu mama yetu, Najla. Alisoma shule ya kanisa hadi mwaka 1986, kisha akajiunga na chuo kikuu mjini Amman, akahitimu uhandisi wa umeme mwaka 1991. Alipokuwa na miaka kumi aliifungua redio ya baba, akabandika kila skrubu kwenye karatasi na kuandika ilikotoka. Baba alirudi na kuikuta redio imetandazwa mezani, akamwinda mtaa mzima na koleo la tanuri. Jioni redio ikaimba vizuri kuliko zamani, na baba akajifanya hakumbuki aliahidi kumpiga.

Mwaka 1996 marehemu aliajiriwa na mzee Fakhri, mwenye maabara binafsi mjini Amman iliyokuwa ikichunguza kompyuta kwa niaba ya mahakama. Kazi yake ilikuwa kusoma diski za watu walioshtakiwa bila kuacha alama yoyote ndani yake. Sasa, kompyuta ina kiherehere. Ichomekee diski tu, hata hujagusa kitu, nayo imeshaanza kubadilisha tarehe na kuandika mambo yake. Kwa hiyo kati ya diski na kompyuta hukaa kisanduku cha ukubwa wa kiganja, kinachoruhusu kusoma na kuzuia kuandika. Marehemu alikiita bawabu. Alisema diski iliyosomwa bila bawabu ni sawa na shahidi aliyelala nyumbani kwa hakimu.

Nawaambia bila kuficha kwamba mtu huyu alikosea mara moja, na mimi nilikuwa na mkono katika kosa hilo. Ilikuwa Alhamisi, tarehe 16 Oktoba 2003. Jioni hiyo wazee wetu walikuwa wanakwenda kumposea Hiyam, huyu mjane wake wa leo. Mnajua mambo yetu: kahawa inamiminwa, wala mkuu wa msafara haigusi mpaka akubaliwe. Nilimpigia simu mara tatu. "Wee Mundhir! Wazee wameshavaa, na bwana harusi hayupo! Au tumpose sisi?"

Mezani alikuwa na diski ya wodi moja ya hospitali. Muuguzi aitwaye Rudayna alishtakiwa kwamba alibadilisha kipimo cha dawa kwenye kompyuta, na mgonjwa akafa. Yeye aliapa kwamba alikikuta hivyo hivyo alipoingia zamu. Tarehe za faili lile ndizo zilizokuwa utetezi wake. Bawabu alikuwa mmoja tu, na wakati huo alikuwa anatumika meza ya pili. Marehemu akaichomeka diski moja kwa moja, aitupie jicho tu. Programu ya kuua virusi ikaamka, ikapita faili moja baada ya jingine. Alipoichomoa, dakika moja haijaisha, mafaili mia mbili na kumi na manne yalikuwa na tarehe ya siku hiyo. La Rudayna lilikuwamo.

Mzee Fakhri alimvuta pembeni. "Mwanangu, ni dakika moja! Nani atajua?"

"Umejua wewe, nimejua mimi," marehemu akamjibu. "Tayari tuko wengi."

Akaandika kila kitu kwenye ripoti: saa, idadi ya mafaili, na maneno haya, "Kosa ni langu." Hakimu akaiweka diski kando, kwa kuwa haikuaminika tena. Mwezi Machi 2004 Rudayna alihukumiwa kifungo cha miaka miwili. Kabla hajatolewa nje alimgeukia marehemu, akamwuliza, "Ulikuwa na haraka ya nini?"

"Nilikuwa nakwenda kuposa," akasema.

Watu wawili watatu walicheka. Rudayna hakucheka. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma yake, na nilitamani ardhi ipasuke.

Marehemu alikataa kufunga ndoa Rudayna akiwa gerezani. Wajomba wa Hiyam walikuja juu, wakauliza kama wamepata mkwe au wakili wa wafungwa. Hiyam, Mungu ambariki, aliwanyamazisha. Akamwambia marehemu, "Ukinioa sasa utakuwa unaniangalia mimi unamwona yeye. Kamtoe kwanza." Miezi kumi na miwili alihangaika na ghala la hospitali ile, sanduku kwa sanduku, mpaka akaipata diski ya akiba iliyosahaulika, yenye nakala ya mafaili yale. Aliisoma mbele ya mashahidi, bawabu akiwa kati. Kipimo kilibadilishwa muda wa saa sita nzima kabla Rudayna hajaingia zamu, na mtu mwingine kabisa. Rudayna aliachiliwa tarehe 14 Aprili 2005. Marehemu alikuwa langoni. Rudayna alimpita kama anavyopita ukuta.

Ndoa ilifungwa Jumapili, tarehe 5 Juni 2005. Mungu akawajalia Yaqub na Lamis. Marehemu alifundisha wachunguzi vijana miaka kumi na minane, na kila darasa jipya alilianza kwa kuwasomea ripoti ile ya Alhamisi. Hakuna mwanafunzi wake aliyewahi kuharibu diski, hilo nalisema kifua mbele. Lakini kila Krismasi alikuwa ananiuliza, "Dada, unadhani amenisamehe?" Nami namjibu, "Kamwulize mwenyewe, mimi si posta!" Hakuthubutu.

Mwezi Mei 2023 aligundulika ana saratani ya kongosho. Alitibiwa Amman, kisha akaomba arudishwe nyumbani. Tarehe 19 Septemba mwaka huu mlango ulibishwa. Alikuwa Rudayna, na mkoba wake wa kazi. Hakuna aliyemwita. Akanawa mikono, akaingia chumbani.

"Rudayna," marehemu akasema, sauti haitoki vizuri. "Umenisamehe?"

"Miezi kumi na mitatu, Mundhir. Unadhani inaisha kwa siku moja? Bado naendelea kuisamehe. Geuka nikubadilishie shuka."

Kaka yangu alicheka mpaka akakohoa. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Pasaka. Rudayna alikuja kila siku, asubuhi na jioni. Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 8 Oktoba 2024, saa kumi na moja alfajiri, mkono wake mmoja ukiwa kwa Hiyam. Rudayna ndiye aliyemfumba macho.

Leo asubuhi nilimpa Rudayna karatasi hii aihakiki, maana mimi tarehe hunichenga. Alisoma mpaka chini. Akaniuliza, "Mbona kwenye ndugu mimi simo?"

"Tukuandike nani?" nikamwuliza.

Akaichukua kalamu, akaandika mwenyewe.

Marehemu ameacha mjane, Hiyam; watoto wawili, Yaqub na Lamis; na dada wawili, Ibtisam na Rudayna. Mungu ampokee kaka yetu, ampumzishe kwa amani.