Bi Nakala na Diski Iliyoonekana Tupu

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Bi Nakala, mtunza sauti wa kituo hiki kwa miaka thelathini na moja. Ametutoka wiki iliyopita, nyumbani kwake, bintiye akiwa pembeni. Jina hilo tulimpa sisi wenyewe. Ukipita mlangoni kwake, hata kwa salamu tu, alikuuliza, "Kazi yako ina nakala?"

Mumewe alikuwa msomaji wetu wa habari. Alitangulia mbele ya haki miaka tisa kabla yake. Rekodi zote alizotuachia zilikuwa kwenye diski moja ya kompyuta. Diski moja, wasikilizaji! Bi Nakala aliandika barua nne kuomba ya pili. Meneja wetu wa wakati ule, bwana mwenye tai nyingi kuliko mawazo, alizijibu zote kwa neno moja: "Subiri."

Basi siku moja umeme ukakatika ghafla. Uliporudi, kompyuta ikaonyesha kwamba diski ni tupu. Meneja akatangaza mkutanoni kuwa rekodi zimepotea, tuendelee na ajenda. Asiyejua maana haambiwi maana, lakini Bi Nakala alijaribu.

"Bosi, sauti zimo humu humu. Kilichoharibika ni orodha inayoonyesha zilipo. Nipe diski nyingine nizihamishe. Ila mtu asiweke chochote ndani ya hii. Chochote kitafuta kilichomo."

"Sawa, mama, sawa," meneja akasema, macho kwenye simu.

Diski mpya haikuja. Ilingoja sahihi ya meneja siku sita. Bi Nakala akabandika karatasi juu ya ile mbovu, kwa wino mwekundu: USIWEKE KITU HUMU. Siku ya saba akachoka kungoja, akatoka mchana kwenda kununua kwa mfuko wake.

Hapo ndipo meneja alipoingia. Alikuwa amejirekodi kwa video akitoa hotuba ya maadhimisho ya kituo, mara kumi na moja, ili achague ile aliyopendeza zaidi. Kompyuta yake ilikuwa imejaa picha zake mwenyewe. Akaiona diski. Akabandua karatasi. Akazimwaga hotuba zote kumi na moja humo. Debe tupu haliachi kuvuma.

"Si nafasi ilikuwepo tele?" alijitetea. Msomi wa watu! Na ile karatasi? "Nilidhani ni ya wafagizi."

Binti wa Bi Nakala anasimulia: "Mama alivaa hedifoni, akaanza kutafuta."

Alitafuta wiki tano. Alipata vipande tu. Neno hapa, kikohozi pale, nusu sentensi ya mumewe, kisha ghafla meneja anajisifu. Inaudhi mpaka leo, wala sitaficha. Miaka ya kazi ya mtu ilifutwa na majigambo ya mtu mwingine.

Kipande kimoja tu kilitoka kizima. Sekunde kumi na tisa. Si habari. Ni kabla ya habari, mumewe akiongea na fundi mitambo bila kujua kwamba anarekodiwa. Bi Nakala alitengeneza nakala sita.

Meneja amestaafu. Ametuletea rambirambi, kurasa tatu, na ombi kwamba zisomwe zote hewani. Hatutazisoma.

Kwako binti, na kwenu wajukuu, poleni sana. Mungu awape subira. Nanyi wasikilizaji wapendwa, mlio na sauti ya mzazi kwenye simu moja iliyopasuka kioo, mnangoja sahihi ya nani? Tafakarini, kisha mfanye leo.

Sasa, kwa idhini ya familia, msikilizeni mume wa Bi Nakala:

"Bado dakika ngapi? Mbili? Basi nifanyie hisani, ndugu yangu. Pita pale chumba cha kutunzia sauti, umwambie yule mama asiondoke bila mimi. Leo tunarudi kwa miguu. Nina maneno mengi ya kumwambia."